Wameksiko wa Japani: Urafiki wa Karne Nne, Makazi ya Mmoja Mmoja

Ubalozi wa Meksiko mjini Tokyo uko Nagatacho, mtaa uleule wenye Bunge la Japani na makazi rasmi ya waziri mkuu. Marekani, pamoja na ukubwa wake wote, ubalozi wake uko Akasaka. Kiwanja cha Nagatacho Japani iliitengea Meksiko kwa shukrani, na shukrani hiyo ilitokana na mkataba mmoja uliotiwa saini Washington tarehe 30 Novemba 1888, kati ya Matías Romero wa Meksiko na Mutsu Munemitsu wa Japani.

Tangu 1858 Japani ilikuwa imebanwa na mikataba iliyolazimishwa na Marekani, Uingereza na wenzao. Mzungu akimdhulumu Mjapani pale Yokohama, kesi ilisikilizwa na konseli, yaani balozi mdogo, wa nchi yake huyo Mzungu. Ushuru wa forodha nao Japani haikuwa huru kujipangia. Pwani yetu ina kumbukumbu ya mambo kama hayo: mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said na Wamarekani uliacha migogoro ya Wamarekani wao kwa wao mikononi mwa konseli wao. Meksiko ilikubali raia wake walioko Japani wawe chini ya sheria ya Japani, nao wakaruhusiwa kuishi na kufanya biashara ndani ya nchi, mbali na bandari zile chache walizotengewa wageni wengine. Ulikuwa mkataba wa kwanza wa usawa ambao Japani iliupata kwa taifa lililo nje ya Asia.

Na huo haukuwa mwanzo. Mwaka 1609 merikebu iitwayo San Francisco, ikitoka Manila kwenda Acapulco, ilivunjika karibu na kijiji cha wavuvi ambacho leo ni sehemu ya mji wa Onjuku, mkoa wa Chiba. Kati ya watu 373 waliokuwamo, 317 waliokolewa na wanakijiji. Watu wa Onjuku husimulia mpaka leo kwamba wanawake wapiga mbizi waliwakumbatia manusura ili kuwapasha joto. Tokugawa Ieyasu, mtawala wa Japani wakati huo, akawapa wageni meli iliyojengwa chini ya usimamizi wa Mwingereza William Adams, na mwaka 1610 wakavuka bahari kurudi Meksiko. Onjuku na Acapulco ni miji ndugu tangu 1978.

Mtu akiyajua haya yote atatarajia kuwakuta Wameksiko wamejaa Japani. Hawapo. Mwishoni mwa 2024 Japani ilikuwa na wakazi wa kigeni zaidi ya milioni 3.7. Wabrazili peke yao walizidi 200,000, Waperu walikaribia 50,000. Wameksiko hawafiki hata elfu kumi. Nchi ambayo ubalozi wake umewekwa mlangoni pa waziri mkuu imetoa wakazi wachache kiasi kwamba wengi wao wanaweza kumaliza mwezi mzima bila kukutana na mtu wa kwao.

Jibu linalotolewa haraka ni umbali. Lakini Brazili na Peru ziko mbali zaidi. Jibu lenyewe liko kwenye mambo mawili yaliyofungamana: namna Japani inavyogawa haki ya kuishi nchini mwake, na nani alimwacha babu wapi.

Tuanze na babu. Mwaka 1908 meli Kasato Maru ilitia nanga Santos, Brazili, ikiwa na Wajapani 781 waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kumalizika, wapatao 190,000 walikuwa wamekwisha kuwafuata. Meksiko ilitangulia kwa miaka 11: mwaka 1897 kundi la Wajapani thelathini na kitu, chini ya mpango wa mwanasiasa wa Kijapani Enomoto Takeaki, lilifika Chiapas, kusini mwa Meksiko, nalo kulima kahawa. Mradi huo ulidhoofika mapema. Waliobaki wakaoa wenyeji, wakafungua maduka, wakatapakaa. Wengi waliokuja baada yao waliifanya Meksiko kituo cha njiani kuelekea Marekani. Halafu mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, serikali ya Meksiko iliwaondoa Wajapani mpakani na pwani na kuwataka wakusanyike Jiji la Meksiko na Guadalajara. Familia zilizokuwa zimejijenga kwa miaka thelathini zikaanza upya. Kwa hiyo Meksiko haikupata makoloni makubwa ya Wajapani kama yale ya São Paulo, bali familia zilizotawanyika, nyingi zikiwa zimechanganya damu kizazi cha kwanza tu.

Sasa ruka hadi mwisho wa miaka ya 1980. Viwanda vya Japani vina kazi nyingi kuliko mikono. Brazili mfumuko wa bei unakula mishahara kabla haijafika sokoni. Desemba 1989 Bunge la Japani lilirekebisha sheria ya uhamiaji, na kuanzia Juni 1990 mjukuu wa Mjapani, popote alipozaliwa, aliweza kuomba ukaazi wa muda mrefu na kufanya kazi yoyote, hata ya kusimama kwenye mkanda wa kiwanda. Wanasiasa waliona huo ndio ufumbuzi usio na maumivu: wafanyakazi watapatikana, na kwa kuwa ni damu moja, hawatahesabika kuwa wageni hasa. Hawakuwaza kwamba mjukuu aliyezaliwa Paraná, Brazili, anaongea Kireno, anakula maharage, na Japani kwake ni hadithi za bibi.

Kufikia 2007 Wabrazili walikuwa zaidi ya 310,000. Walijaza miji kama Oizumi na Hamamatsu, wakafungua maduka ya mikate, makanisa na shule za Kireno. Uchumi ulipoanguka, mwaka 2009 serikali iliwalipia waliopoteza kazi yeni 300,000 kila mmoja, na 200,000 kwa kila mtegemezi, ili waondoke, kwa masharti ya kutorudi kwa hadhi ileile. Zaidi ya 20,000 walikubali. Kwangu mimi hilo ni moja ya mambo ya kuumiza zaidi katika historia ya karibuni ya Japani, kumwita mtu ndugu wakati wa kazi na kumlipia nauli wakati wa dhiki.

Meksiko miaka hiyohiyo ilikuwa na dhiki yake. Mwaka 1982 ilishindwa kulipa madeni, na Desemba 1994 peso ikaporomoka. Lakini Mmeksiko aliyetafuta riziki alikuwa na kaskazini, yaani Marekani, ambako leo wanaishi zaidi ya milioni 10 ya waliozaliwa Meksiko. Na wale wachache wenye babu Mjapani wengi walikuwa wamekwisha jijenga mijini, hawakuwa na sababu ya kwenda kukaza boliti usiku kwenye viwanda vya Gunma, Japani.

Hapa ndipo tofauti ilipojitenga, na kila nitakalolieleza baada ya hapa linatoka kwake. Mbrazili wa Oizumi alihamia pamoja na mtaa wake. Mmeksiko alikwenda mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake mkononi.

Sababu hizo ni zipi? Kwanza tuuondoe mkanganyiko mmoja unaowapoteza wengi. Raia wa Meksiko anaweza kuingia Japani bila viza na kukaa hadi miezi sita, fursa ambayo mataifa machache sana yanayo. Wengine huiona hiyo kuwa mlango wa maisha. Si hivyo. Ni ya kutembea. Haina ruhusa ya kazi ya malipo. Mtu anayetaka kuishi anahitaji kitu ambacho Japani huita hadhi ya ukaazi, kinachoandikwa kwenye kadi ambayo kila mgeni wa muda mrefu lazima atembee nayo. Kila hadhi ina kazi yake, na ukifanya kazi nje ya hadhi yako umevunja sheria. Mhandisi au mtaalamu wa lugha anahitaji shahada inayohusiana na kazi anayoombewa, au uzoefu wa miaka mingi. Mpishi wa vyakula vya kigeni anahitaji uzoefu wa miaka 10, tena wenye vithibitisho kutoka kwa waajiri. Hebu fikiria mtu aliyekaanga nyama barabarani Puebla tangu utoto, kwenye toroli la mjomba wake. Ujuzi anao. Barua hana, kwa sababu mjomba hakuwahi kuandika barua ya ajira kwa mtu yeyote.

Hadhi mpya ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, iliyoanza Aprili 2019 kwa ajili ya ujenzi, kilimo, uuguzi wa wazee na kadhalika, imejengwa juu ya makubaliano na nchi za Asia: Vietnam, Indonesia, Ufilipino, Nepal na majirani zao. Mmeksiko hajazuiwa na sheria, ila mtandao wa mawakala, vyuo vya lugha na mitihani haukujengwa kwao.

Wanaobaki ni nani basi? Wapo wanafunzi. Mwaka 1971 serikali mbili zilianzisha mpango wa kubadilishana wanafunzi na wataalamu, na kizazi kile cha kwanza kilichokwenda kujifunza uhandisi, usanifu na lugha leo kina wajukuu. Wapo wa magari. Nissan ilifungua kiwanda karibu na Cuernavaca mwaka 1966, Mazda na Honda zikafungua vyao Guanajuato mwaka 2014, na viwanda hivyo hupeleka mafundi Japani kujifunza. Wengi hurudi, wachache hubaki. Wapo wana mieleka: mpiganaji Mil Máscaras, aliyefika Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliwafanya watoto wa Kijapani wa enzi ile waijue Meksiko kwa vinyago vyake. Naye Javier Aguirre aliinoa timu ya taifa ya soka ya Japani mwaka 2014 na 2015. Hao ni wa kupita.

Wanaotia mizizi, aghalabu, ni waliooa au kuolewa.

Hili si suala la mapenzi peke yake. Mwenzi wa Mjapani hupata hadhi isiyo na mipaka ya kazi: anaweza kuendesha teksi, kufundisha Kihispania, kufungua mgahawa, chochote. Baada ya miaka 3 ya ndoa na mwaka mmoja wa kuishi nchini anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, wakati njia ya kawaida hudai miaka 10. Ukitazama vizuri, mlango mpana zaidi wa Japani ni ule wa udugu, uleule waliopitia Wabrazili kwa babu zao. Asiye na babu Mjapani huupata udugu huo kwa ndoa tu. Na kama ndoa ndiyo mlango, basi ndoa ikivunjika mlango hutikisika. Talaka lazima iripotiwe idara ya uhamiaji ndani ya siku 14, na mtu akikaa miezi 6 bila kuishi kama mwenzi, bila sababu ya msingi, hadhi yake inaweza kufutwa. Mwenye mtoto wa Kijapani anayemlea anaweza kubadilishiwa hadhi. Asiye na mtoto huanza kuhesabu siku.

Nataka nikae kidogo kwenye daftari, kwa sababu humo ndimo maisha ya wageni Japani hukwama au kusonga, na sisi tuliozoea cheti cha kuzaliwa cha mtu mmoja mmoja hatulielewi kwa haraka.

Japani haimwandikishi mtu, huandikisha nyumba. Daftari linaitwa koseki. Kila kaya ya Kijapani ina lake, lenye jina moja la ukoo, na ndani yake huandikwa ndoa, vizazi, vifo, talaka na watoto wa kulea. Anayeweza kuwa na koseki ni raia wa Japani peke yake. Mmeksiko akimwoa Mjapani, haingii kama mwanakaya. Jina lake huandikwa kwenye maelezo ya mkewe, kama habari iliyomtokea: huyu ameolewa na fulani, raia wa Meksiko, aliyezaliwa tarehe fulani.

Hadi Julai 2012 hali ilikuwa nzito zaidi. Mbali na koseki kuna daftari la wakazi, linaloonyesha nani anaishi nyumba gani, na hati yake ndiyo inayoombwa shuleni, benki, na kila ofisi. Wageni hawakuwamo, walikuwa na daftari lao la kando. Mke Mjapani mwenye mume Mmeksiko na watoto wawili alipochukua hati hiyo, karatasi ilimwonyesha mama na watoto wawili. Baba hakuwepo. Analala chumba cha pili, kodi analipa, ila kwa karatasi watoto wake ni wa mama asiye na mume. Tarehe 9 Julai 2012 sheria ya zamani ilifutwa na wageni wakaingizwa kwenye daftari moja na familia zao. Waliokwisha ishi miaka ishirini nchini waliona majina yao yakichapwa karatasi moja na watoto wao kwa mara ya kwanza.

Kisha majina yenyewe. Meksiko mtu ana majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, na mwanamke akiolewa habadilishi. Japani sheria ya ndoa huwalazimisha mume na mke wa Kijapani kuchukua jina moja, lakini anayefunga ndoa na mgeni ameachwa nje ya kanuni hiyo: anaweza kubaki na lake, au ndani ya miezi 6 akapeleka taarifa tu na kuchukua la mwenzake. Sasa chukua mfano. Baba ni Hernández López. Mama ni Tanaka, na amebaki Tanaka. Mtoto akizaliwa Yokohama, kwenye koseki ya mama yeye ni Tanaka, basi. Ubalozini Nagatacho, baba anapomsajili ili apate uraia wa Meksiko, mtoto yuleyule ni Hernández Tanaka. Ana pasi mbili zenye majina mawili tofauti, na akisafiri lazima akumbuke tiketi imekatwa kwa jina lipi. Meksiko inamtaka raia wake aingie na kutoka kama Mmeksiko. Japani inamtaka aingie kama Mjapani.

Uraia ni fundo jingine. Japani inamtaka aliyezaliwa na uraia mbili achague kabla ya kutimiza miaka 20. Akitangaza kwamba amechagua Japani, sheria inamtaka ajitahidi kuukana ule mwingine. Meksiko kwa upande wake, tangu marekebisho ya katiba yaliyoanza kutumika 1998, inasema aliyezaliwa Mmeksiko hawezi kunyang'anywa uraia wake. Nchi moja inamwambia kijana achague, nyingine inamwambia huwezi kutuacha hata ukitaka. Wengi hutangaza upande wa Japani na kuendelea kuitunza pasi ya pili kabatini. Siwalaumu. Kumtaka kijana wa miaka 19 amkane mzazi mmoja kwenye fomu ni jambo ambalo sioni faida yake kwa taifa lolote.

Watoto ndio wanaobeba pia mzigo wa talaka. Kwa miongo mingi sheria ya Japani ilimpa mzazi mmoja tu haki ya malezi baada ya talaka, na kwa desturi alikuwa mama. Baba mgeni aliyeachika aliweza kupoteza mtoto na kadi ya ukaazi kwa pamoja. Japani ilijiunga na Mkataba wa Hague kuhusu utekaji wa watoto mwaka 2014, na Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu wazazi walioachana kushirikiana haki ya malezi. Wazazi wengi walipoteza utoto wa watoto wao kabla ya hapo, Wajapani wenyewe wakiwemo.

Shida za nyumba za kupanga nitazipitia kwa haraka kwa sababu si za Wameksiko peke yao: uchunguzi wa Wizara ya Sheria uliotolewa Machi 2017 ulionyesha kuwa karibu wageni 4 kati ya 10 waliotafuta nyumba katika miaka mitano waliwahi kukataliwa kwa sababu ya ugeni wao. Fedha nayo imekuwa chungu. Yeni ilifika karibu 160 kwa dola moja Julai 2024, kutoka kama 110 mwaka 2021. Anayemtumia mama yake fedha kule Oaxaca anafanya kazi saa zilezile, na kinachomfikia mama kimepungua.

Kuna jambo moja la faraja, na msomaji wa Kiswahili atalihisi mdomoni. Kihispania kina irabu tano: a, e, i, o, u. Kijapani kina hizohizo tano. Sisi pia. Ndiyo maana Mmeksiko hutamka maneno ya Kijapani kwa usafi unaowashangaza Waingereza na Wamarekani waliosoma lugha hiyo miaka kumi. Kusikika kama mtu wa pale ni rahisi. Kusoma ndiyo kazi: orodha rasmi ya herufi za kanji zinazotumika kila siku ina 2,136, na barua ya manispaa kuhusu bima ya afya haimhurumii mtu.

Adabu nayo huwasogeza karibu kuliko watu wanavyodhani. Tumezoea kusikia kwamba Mmeksiko ana kelele na Mjapani amenyamaza. Lakini Meksiko, hasa nyanda za kati, ni nchi ambayo mtoto akiitwa na mkubwa hufundishwa kuitika «¿mande?», yaani niamuru, na mtu hasemi hapana mbele ya mgeni, husema «ahorita», sasa hivi, na wote wanaelewa. Japani nako mtu hasemi hapana. Husema «chotto», kidogo, kisha hunyamaza, na wote wanaelewa. Watu wawili waliolelewa kukwepa neno hapana wanaweza kuelewana haraka. Wanaweza pia kukaa miaka mitatu kazini kila mmoja akidhani mwenzake amekubali.

Halafu kuna mahindi. Hapa naomba nisimame, kwa sababu ugali wetu wenyewe una deni Meksiko. Mmea wa mahindi ulifugwa na wakulima wa huko maelfu ya miaka iliyopita, ukavuka bahari na Wareno ndipo ukafika kwetu. Sisi tuliyapokea mahindi bila mapishi yake. Wameksiko huyachemsha kwanza kwenye maji ya chokaa, huyaacha usiku kucha, kisha huyaosha na kuyasaga yangali na maji. Chokaa hulainisha ganda, hubadilisha harufu, na hufungua vitamini ambayo vinginevyo mwili hauipati. Unga huo ndio wa mkate mwembamba wa tortilla. Japani inakula mahindi pia, ila mahindi matamu ya njano, ya kuchoma kwenye sherehe au kutia juu ya tambi. Haina mahindi meupe magumu sokoni. Kwa hiyo Mmeksiko wa Nagoya hununua parachichi la Michoacán dukani kwa urahisi, maana Meksiko ndiyo inayoiuzia Japani sehemu kubwa ya maparachichi yake, hupata nyama ya nguruwe ya Sonora kwenye jokofu la supamaketi, na bado hana chakula. Anachokikosa ni unga. Huagizwa kwa mifuko, hugawanywa kati ya watu watatu wanne wanaofahamiana, na anayekwenda likizo hurudi na pilipili kavu zilizofungwa ndani ya soksi.

Mjapani naye hulijua neno «taco», yaani tortilla iliyokunjwa ikiwa na nyama ndani, ila lilimfikia kwa mzunguko. Mwaka 1984, katika mji wa Kin kisiwani Okinawa, nje ya kambi ya wanamaji wa Marekani, mkahawa mmoja ulianza kuweka nyama ya kusaga, jibini, saladi na nyanya juu ya wali. Wali huo wa taco sasa ni chakula cha Okinawa, hata mashuleni. Umetoka Meksiko ukapitia Texas, ukapitia jeshi, ukatua juu ya wali. Mmeksiko akiambiwa «chakula chenu nakipenda», mara nyingi ndicho kinachozungumziwa. Wengi hushukuru tu.

Matetemeko nayo wanayajua pande zote mbili. Mwaka 2011 waokoaji wa kujitolea wa Meksiko waitwao Topos, kundi lililozaliwa kwenye vifusi vya Septemba 1985, walikwenda Japani baada ya tsunami. Septemba 2017 waokoaji wa Kijapani walichimba vifusi Jiji la Meksiko, na watu mitaani wakawapigia makofi. Aliyekulia na king'ora cha Jiji la Meksiko, akisikia simu ikilia Tokyo usiku wa manane kutangaza tetemeko, huwa amekwisha simama mlangoni kabla hajaamka sawasawa.

Kinachokuja sasa ni uzee. Wale wa mpango wa 1971 wako kwenye miaka ya sabini. Wazazi wao walikwisha zikwa Meksiko. Watoto wao ni Wajapani. Swali la wapi watalala halikuwepo kwenye mkataba wa 1888 wala kwenye kadi ya ukaazi.

Mmeksiko maarufu zaidi aliyefia Japani hakukusudia kuishi huko. Felipe de Jesús alizaliwa Jiji la Meksiko mwaka 1572, akawa mtawa wa Kifransisko Manila, na alikuwa safarini kurudi kwao ili apewe upadri wakati merikebu yake, San Felipe, ilipotupwa na dhoruba pwani ya Tosa mwaka 1596. Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wakati huo, aliamuru Wakristo wauawe. Tarehe 5 Februari 1597 Felipe alisulubiwa pamoja na wengine 25 kwenye kilima cha Nishizaka, Nagasaki. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1862, wa kwanza kutoka Meksiko, na leo pale kilimani kuna kanisa lenye jina lake.

Anayezeeka Japani siku hizi anakuta nchi ambayo karibu kila maiti huchomwa, na majivu huwekwa kwenye kaburi la ukoo, chini ya jiwe lililochongwa jina la nyumba, mara nyingi kwenye uwanja wa hekalu la Kibuddha. Mkatoliki anaweza kutafuta nafasi kwenye makaburi ya Kanisa, kama yale ya Fuchu, magharibi mwa Tokyo. Au anaweza kuingia kaburi la ukweni, hekalu likikubali na shemeji wakikubali. Kwenye baadhi ya nyumba maongezi hayo huwa mepesi kuliko inavyotarajiwa, kwa sababu pande zote mbili huwakaribisha wafu. Katikati ya Agosti, wakati wa Obon, familia ya Kijapani hutengeneza farasi wa tango na ng'ombe wa biringanya, kwa miguu ya vijiti: farasi amlete marehemu upesi, ng'ombe amrudishe polepole. Tarehe 1 na 2 Novemba Mmeksiko hupanga picha, mkate na maua ya njano ya cempasúchil ili marehemu aifuate harufu mpaka nyumbani. Bibi Mjapani aliyezoea kuweka wali kila asubuhi mbele ya picha ya mumewe hahitaji kuelezwa maua yale ni ya nini.

Linalobaki ni jiwe lenyewe, ambalo kwa desturi hubeba jina la ukoo mmoja. Japani sasa huzaliwa watoto chini ya 700,000 kwa mwaka, na nyumba nyingi zina binti mmoja tu wa kutunza makaburi ya pande mbili. Kwa sababu hiyo Wajapani wenyewe wameanza kuunganisha makaburi, na mafundi huchonga majina ya koo mbili kwenye jiwe moja, ubavu kwa ubavu.